Sindano ya Bure

Video ilimfikia Meneja kabla baba yake hajamaliza hata siku ya kwanza kwenye mashine ya kupumulia. Alitumiwa na rafiki, rafiki alitumiwa na shemeji yake, na huyo shemeji hakumbuki alitumiwa na nani. Mzee mmoja mwenye mvi alionekana amelala katikati ya mipira na nyaya, akachomwa sindano, kisha picha iliyofuata ikamwonyesha amekaa kitandani anakula tikiti maji huku wajukuu wakimpigia makofi. Meneja aliitazama akiwa amesimama kwenye korido ya hospitali, akairudia, halafu akamsogezea mama yake simu.

"Mama, hebu tazama. Ugonjwa uleule. Maambukizi yaliingia kwenye damu, presha ikaanguka, kama baba."

Mama alitazama kwa miwani yake ya kusomea, ambayo mkono mmoja ulikuwa umefungwa kwa uzi. "Na huyu amepona?"

"Si unamwona anakula?"

"Namwona anakula." Mama alimrudishia simu taratibu. "Sasa hiyo dawa, hapa hawana?"

Meneja akaenda kulitafuta jibu.

Mgonjwa alikuwa fundi wa cherehani; si wa kuzishonea, wa kuzitengeneza zinapokwama. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mkewe naye alimwita hivyohivyo. Kikohozi chake kilianza kama kikohozi cha watu wote, akakidharau, akakipuuza, akasema kitachoka chenyewe. Asubuhi moja mkewe akamkuta amekaa karakanani anatetemeka, anaigombeza cherehani kama vile ni mtu aliyemkosea adabu. Meneja alimbeba mgongoni mpaka barabarani. Madaktari wakasema ni nimonia, sumu yake imeshasambaa kwenye damu, presha haishiki bila dripu, na figo zimeanza kugoma. Wakamlaza chumba cha mahututi.

Katika chumba hichohicho alifanya kazi binti yake. Hakuwa daktari wala muuguzi, alikuwa mfamasia. Kila dawa aliyoandikiwa mgonjwa ilipita mikononi mwake: kipimo chake, saa zake, inagombana na dawa gani nyingine. Na dawa mpya ilipovuma duniani, yeye ndiye aliyeketi kusoma tafiti zake na kuiambia kamati ya hospitali kama inafaa kuingizwa au ingoje. Baba yake alimbatiza jina Kidawa siku ile alipopata kazi, jina likamganda kama gundi. Siku hizi hata wauguzi walisahau analo jingine.

Mbele ya geti la hospitali kulikuwa na safu ya maduka ya dawa. Meneja aliingia la kwanza lenye feni. Yeye mwenyewe alikuwa muuzaji, msimamizi wa duka la redio na televisheni ambalo si lake, na alijua namna ya kuingia dukani kama mtu mwenye uwezo. Alionyesha video. Mwenye duka hakungoja iishe, akamwita mtu aliyekuwa amekaa nyuma anakunywa soda.

Watu wa hospitali walimwita mtu huyo Bwana Tai. Alikuwa wakala wa kampuni ya dawa, na hakuna aliyewahi kumwona bila tai, hata jua liwake namna gani. Wauguzi walikuwa na mzaha wao: wengine walisema jina lake ni la tai ya shingoni, wengine wakasema ni la yule ndege anayezunguka juu mnyama anapoanza kuchechemea.

"Sindano ipo, ndugu yangu," Bwana Tai alisema kwa upole. "Ila bei yake ni ya mtu aliyejipanga. Ingekuwa mle ndani hospitalini mngeipata kwa nafuu. Kamati yao iliikataa."

"Iliikataa kwa nini?"

"Kuna mfamasia wao aliandika maelezo marefu. Mara utafiti ni mdogo, mara sijui nini. Binti mmoja mwembamba, anatembea kama kila anakokwenda amechelewa."

Meneja hakuuliza jina. Mwendo huo aliufuata nyuma tangu wakiwa wanakwenda shule.

Alimngojea mlangoni mwa chumba cha mahututi. Kwenye benchi refu la ndugu wa wagonjwa mama alikuwa amekaa na mkoba mapajani, na pembeni yake watu wasiofahamiana walioanza kufahamiana kwa shida. Kidawa alitoka akivuta barakoa chini ya kidevu.

"Presha imeshuka tena kidogo," aliwaambia. "Wameongeza dripu. Tusubiri."

"Kuna sindano," Meneja alisema, akamwonyesha simu. "Unaijua?"

Aliitazama sekunde chache tu. "Naijua."

"Nani aliyeikataa isiingie humu?"

"Kamati ya dawa ndiyo iliyo…"

"Sikuulizi kamati. Nakuuliza wewe."

Kwenye benchi, mwanamke aliyekuwa akimenya chungwa alisimamisha kisu. Kidawa aliwaona wote wanaosikiliza, akajua kwamba akisema twende pembeni atakuwa amekiri jambo baya zaidi ya alilofanya.

"Mimi ndiye niliyeandika isinunuliwe," alisema. "Utafiti wao wa kwanza ulikuwa wa watu wachache, Kaka, na waliusimamisha katikati walipoona mambo yanawaendea vizuri. Ukirusha sarafu mara chache ikaangukia upande mmoja, huwezi kusema upande wa pili haupo."

"Baba si sarafu!"

"Najua."

"Hujui! Ungejua usingesimama hapo kunifundisha hesabu. Umemfungia baba yako mlango, halafu unamchungulia dirishani."

"Punguzeni sauti," mama alisema. Aliinua macho kwa binti yake. "Ni kweli, mwanangu? Wewe ndiye uliyeikataa?"

"Kweli, mama."

Mama aliitikia kwa kichwa. Akajisogeza kidogo kwenye benchi, pakawa na nafasi ya mtu mmoja, lakini Kidawa hakuweza kujua kama ni yake au ni mama tu aliyechoka kukaa upande mmoja. Akarudi ndani bila kukaa.

Kesho yake mama alikwenda nyumbani kuoga na kubadili nguo. Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Ndani, mwanamume asiyemjua alikuwa akizungusha magurudumu ya cherehani moja baada ya nyingine, akiyasikiliza kwa makini, kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Wewe nani?"

Mtu yule aligeuka, akavua kofia. "Shikamoo, mama. Niliambiwa mashine zinauzwa. Pole sana kwa msiba."

"Msiba upi?"

Mtu akatazama kofia yake. Akatazama mlango. Akasema labda amekosea nyumba, akatoka kwa hatua ndefu, na mlangoni akapishana na Meneja aliyekuwa anaingia na kamba ya kufungia mizigo. Mama aliitazama ile kamba.

"Baba yako anapumua," alisema, "na mtu ameshanipa pole ndani ya nyumba yangu."

"Mama, nisikilize. Mashine zitanunuliwa nyingine. Baba hanunuliki mwingine."

"Na akiamka akute nini?"

"Akiamka!" Sauti ya Meneja ilipasuka. "Mimi natafuta aamke kwanza. Ya kukuta tutayajua baadaye. Unanitaka nifanye nini, nikae kwenye benchi kama mzigo uliosahauliwa stendi? Mimi sikusoma. Sina cha kumpa zaidi ya kuuza."

Mama alimshika bega mtoto wake mkubwa, aliyekuwa na mvi zake mwenyewe tayari, akamwacha alie hapo kati ya cherehani za baba yake. Alipomaliza, mama akafunga karakana kwa kufuli na kuutia ufunguo kifuani.

Haikufikia hatua ya kuuza. Mchana huo Bwana Tai alipanda ngazi za hospitali akiwa amebeba kisanduku cha barafu, akagonga ofisi ya Daktari Bingwa, mkuu wa chumba cha mahututi. Alikuwa ameshauliza-uliza, na alikuwa ameshajua Meneja ni nani na mgonjwa ni nani.

"Kumbe ni mzazi wa mfamasia wetu," alisema. "Kampuni yangu nayo ina ubinadamu, daktari. Dozi nzima hii hapa, bure. Na huu ni utafiti mpya, umetoka juzi tu. Huu si mdogo tena. Ninachoomba ni kamati iusome, basi."

Daktari Bingwa alimwita Kidawa. Alikuwa mtu mzima, macho mekundu kwa uchovu, mwenye tabia ya kusafisha miwani anapotaka kusema jambo lisilomkalia sawa.

"Kamati ilikataa kununua," alisema akifuta kioo. "Hii hainunuliwi. Na utafiti mpya unasema matokeo ni mazuri. Baba yako hali yake unaiona. Tukimpa, nani atatulaumu?"

"Umeusoma, daktari?"

"Muhtasari."

Kidawa aliyapokea makaratasi. Tuseme ukweli: aliomba moyoni yawe mazuri. Aliomba akute pale kwamba alikosea, kwamba kaka yake na video yake walikuwa sahihi, na yeye aombe radhi mbele ya benchi zima na baba afumbue macho. Alikuwa na hamu ya kusema ndiyo. Ndiyo maana akaiogopa.

"Mimi ni mtoto wa mgonjwa," alisema. "Siwezi kuwa hakimu wa kesi hii. Naomba wewe usome wote, mpaka mwisho. Nami nisome kivyangu. Tusiambiane kitu mpaka kila mtu amemaliza. Na dawa za baba, kuanzia sasa azisimamie mfamasia mwenzangu. Mimi nitakuwa ndugu tu."

"Nina wagonjwa wengi, Kidawa."

"Najua, daktari. Na wote watakuja kuombewa sindano hii."

Daktari alivaa miwani. "Lete nakala."

Kidawa alisomea stoo, amekaa juu ya boksi la dripu. Kwanza alitafuta walioingizwa kwenye utafiti ni wagonjwa wa aina gani, kisha waligawanywaje, waliopewa sindano na waliopewa maji ya chumvi yanayofanana nayo. Hapo hakukuta kasoro. Waliofanya kazi hii waliifanya kwa uangalifu. Kichwa cha habari kilisema dawa "imefaulu". Alipofuatilia kufaulu kwenyewe akakuta ni hivi: presha ya waliochomwa ilitulia mapema kuliko ya wenzao. Ilikuwa kweli. Mwaka uliopita alikuwa ameandika kwamba hata hilo lina shaka. Sasa shaka ilikuwa imeondoka, na akalikubali. Lakini vifo vilikuwa vimewekwa nyuma kabisa, mahali msomaji aliyechoka hafiki. Huko nyuma, waliochomwa na wasiochomwa walikufa karibu sawasawa.

Halafu akafika kwenye jedwali la wale ambao figo zao zilikuwa zimeshaanza kugoma walipolazwa. Kama baba.

Alilisoma na asijiamini. Alijijua: mtu akishasema hapana mbele za watu, hutafuta hapana nyingine ya kuilinda ile ya kwanza. Hivyo akafunika kwa kiganja majina ya makundi juu ya jedwali, akafumba macho, akawaza mengine kidogo mpaka akasahau safu ipi ni ya nani. Akafumbua macho, akasoma tarakimu tupu. Akajiuliza, baba yangu ningependa awe safu ipi? Akaiwekea kidole. Akaondoa kiganja.

Kidole kilikuwa juu ya wale wa maji ya chumvi.

Alikaa pale akisikiliza friji ya dawa ikinguruma. Alitaka kulia, ila aliona kulia kutamchelewesha, akainuka.

Daktari Bingwa naye alikuwa amesoma. Karatasi zake zilikuwa na alama ya kikombe cha chai. "Presha inapanda mapema, hilo siwezi kulikataa," alisema. "Vifo, sioni tofauti. Kwenye figo nimeona nisichopenda kukiona."

"Waliochomwa walikufa zaidi."

"Kidogo zaidi. Na hao walikuwa wachache. Jedwali dogo hudanganya, wewe ndiye unayetuambia hivyo kila siku."

"Linaweza kuwa linadanganya," Kidawa alikubali. "Kwa hiyo siwezi kusema inaua. Naweza kusema hatuna sababu ya kuamini inaokoa, na tuna sababu ndogo ya kuogopa."

"Familia ikiitaka nitampa. Sitakuwa nimevunja sheria yoyote."

"Basi tukaiulize familia. Ila uwepo, usikie ninavyowaeleza. Nikipindisha neno, nikatize."

Chumba cha ndugu kilikuwa na viti vya plastiki na dirisha lisilofunguka. Bwana Tai alikaa nje, kisanduku magotini, kama mtu anayesubiri zamu ya kinyozi. Meneja hakukaa.

"Nianze na wewe, Kaka," Kidawa alisema. "Niliandika kwamba nina shaka kama sindano hii inapandisha presha haraka. Nilikosea. Utafiti mpya unaonyesha inapandisha."

Meneja alimgeukia mama. "Si umesikia? Kasema mwenyewe!"

"Sijamaliza. Inapandisha presha, lakini watu hawaponi zaidi. Waliochomwa na wasiochomwa wanakufa vilevile. Na wenye figo mbovu huenda ikawaumiza."

"Huenda! Kila siku huenda. Nani anakula huenda? Mtu anatupa dawa bure, Kidawa, bure!"

"Kaka, wewe unauza redio. Mtu akikupa kitu bure mlangoni mwa duka lako unamwelewaje?"

"Namwelewa vizuri sana! Najua anataka mguu mmoja uingie ndani. Na auingize! Anachotaka yeye hakinihusu. Mimi namtaka baba."

Hata Daktari Bingwa alitazama chini, kwa sababu maneno yale hayakuwa ya kipumbavu.

Mama ndiye aliyezungumza. "Nielezeni mimi, kwa lugha ya nyumbani. Hao wenye figo kama za Fundi, waliopewa na wasiopewa, nani walirudi nyumbani wengi?"

"Wasiopewa, mama. Kidogo tu. Siwezi kukuapia kwamba si bahati."

"Usiape. Daktari, anasema sawa?"

"Anasema sawa," daktari alijibu. "Mimi ningempa kwa sababu naona vibaya kukaa mikono mitupu. Hiyo si sababu ya kitabibu, mama. Ni ya moyo wangu."

"Ahsante kwa kusema." Mama alimgeukia binti yake. "Wewe unafanyaje?"

Meneja alipiga hatua mbele. "Mama, huyu ana jina lake la kulinda kazini! Akisema ndiyo leo, ataonekana alikosea jana!"

"Nimemsikia sasa hivi akisema alikosea," mama alisema. "Tena ameanza na wewe. Kidawa, nimekuuliza."

Sauti ya Kidawa ilitoka nyembamba lakini ilitoka. "Simchomi, mama."

"Basi asichomwe."

Meneja alifungua mlango kwa nguvu hata Bwana Tai akakikumbatia kisanduku chake. Alipofika katikati ya korido akageuka. "Ukimzika, umfunike na hizo karatasi zako!"

Hali ya Fundi ilizidi kuwa mbaya kabla ya kuwa nzuri. Mkojo ulikatika. Wakamwekea mashine ya kusafisha damu pembeni ya ile ya kupumulia, mpaka kitanda kikawa kama kisiwa katikati ya vyuma. Kila siku Kidawa aliingia kazini, akapita kitanda hadi kitanda, akisahihisha kipimo cha huyu, akimpigia daktari simu kuhusu yule, na alipofika cha baba yake alivua koti la kazi, akamwachia mwenzake chati, akamkanda baba vidole kwa mafuta ya mgando. Vilikuwa na alama za sindano za cherehani tangu ujana. Akimaliza alivaa koti na kwenda kitanda kinachofuata. Muuguzi mmoja alimwambia achukue likizo, akajibu, "Nikikaa nyumbani nitafanya nini, nitapigana na kuta?"

Kwenye benchi walikuwa wamempa jina. Alilisikia siku moja akipita na trei, mwanamke akimnong'oneza mgeni: "Huyo ndiye aliyemnyima baba yake dawa." Trei haikutikisika. Alifika stoo, akaiweka chini, akaegemea rafu mpaka pumzi ikatulia. Kisha akarudi kwa njia ileile, mbele ya benchi lilelile, ingawa njia ya nyuma ilikuwepo.

Meneja alikuja kila siku, hakusema naye. Alimletea mama chakula, akaweka sahani mbili, ya tatu hakuweka. Mama akawa anakula nusu ya yake na kuifunika nusu nyingine. Hakusema ni ya nani. Kidawa akitoka aliikuta, akaila imepoa.

Majibu ya maabara yalipotoka yakaonyesha kijidudu kilichokuwa kinamsumbua mzee, antibiotiki ikabadilishwa. Labda ndiyo iliyomwokoa. Labda ni mwili wake, au wauguzi waliomgeuza na kumsafisha kinywa bila kuchoka. Taratibu dripu za presha zikapunguzwa, mashine ikamwachia apumue mwenyewe, na asubuhi moja mpira ukatolewa kooni. Neno lake la kwanza lilitoka limekwaruzwa kama mlango wa bati.

"Karakana imefungwa?"

"Imefungwa, Fundi," mama alisema. "Ufunguo ninao."

Meneja akaitazama ncha ya kiatu chake.

Pumzi ilirudi, miguu ilirudi kwa mkongojo, lakini figo hazikurudi zote. Fundi alitoka hospitali na ratiba ya kurudi mara kwa mara kwenye mashine ya kusafisha damu. Siku za mashine Meneja alimleta, akafunga duka la watu na kukubali kugombezwa. Siku moja walipomwingiza mzee ndani, kaka na dada wakajikuta wawili kwenye korido.

"Angechomwa ile sindano," Meneja alisema, bila kumtazama, "labda figo zisingekufa."

"Labda."

"Hujui."

"Sijui. Wewe nawe hujui. Mtu mmoja hawezi kutuambia, hata akiwa baba. Ndiyo maana wanahesabu wengi."

"Lakini amepona. Si useme tu umeshinda?"

"Sijashinda. Hata angekufa, Kaka, ningejibu vilevile. Ndicho kitu kigumu chenyewe."

Meneja alimgeukia kwa hasira, mdomo wazi, na hasira ikakosa mahali pa kutua. Alimwona dada yake alivyokonda. Akamuuliza kama amekula. Akasema hapana. Akamsukumia nusu ya mkate wake, wakala wamesimama.

Kamati ilikaa tena kuhusu sindano ile. Kidawa aliomba asipige kura. Waliamua kungoja utafiti mwingine uliokuwa haujakamilika, na Bwana Tai akapeleka kisanduku chake hospitali nyingine, kisha baada ya muda akarudi kwenye maduka ya getini.

Ndipo siku moja ya mashine akatokea kijana wa kunyoa nywele, mkewe amelazwa mahututi, simu mkononi. Alimkimbilia Kidawa aliyekuwa anapita. Aliambiwa kuna sindano, alisema; ameshapata mtu wa kununua kiti chake cha kinyozi na vioo vyote. Kidawa alikaa naye kwenye benchi, akamweleza yote: presha, vifo, figo, na asilolijua. Hakuharakisha. Kijana alisikiliza akitikisa kichwa kwa namna ya mtu asiyeamini hata neno moja.

"Dada, ni rahisi kwako kusema," alisema mwishowe. "Si mtu wako."

Kidawa alikuwa na jibu, lakini hakupenda kumtumia baba yake kama ushahidi.

Meneja alikuwa amekaa upande wa pili wa benchi, mfuko wa nguo za mzee miguuni. Aliinuka, akaja akasimama mbele ya kijana.

"Ndugu yangu, mimi mambo ya dawa siyajui. Hata sasa sijui kama anachosema huyu ni kweli au si kweli. Tumegombana naye sana. Lakini mle ndani yuko mzee wetu, alilala palepale alipolala mkeo. Sindano tuliletewa bure, imo kwenye barafu. Na huyu alimwambia mama yetu maneno hayahaya anayokwambia wewe, hakupunguza, hakuongeza." Akavuta pumzi. "Usiuze kiti chako leo. Kaa kwanza umuulize vizuri."

Kijana alimtazama Meneja, kisha akamtazama Kidawa. Akaiweka simu mfukoni.

"Nirudie hapo kwenye figo," alisema.